George Boole: Mwana wa fundi viatu aliyezigeuza fikra kuwa hesabu

KILA mwaka, katika madarasa yaliyo chini ya Mlima Meru, wanafunzi wa hisabati wa kidato cha tano, na wale wanaosomea umeme na kompyuta katika Chuo cha Ufundi Arusha, huchora jedwali la ukweli na kulijaza tarakimu mbili tu, 1 kwa kweli na 0 kwa si kweli. Jina la George Boole hutajwa siku hiyo, kisha husahauliwa hadi mtihani ukaribie.

Boole alizaliwa Novemba 2, 1815 mjini Lincoln, Uingereza. Baba yake, John, alikuwa fundi viatu aliyependa darubini na hisabati kuliko ngozi na nyundo, na biashara yake ikaporomoka. Hivyo, akiwa na umri wa miaka 16, George alilazimika kuwa mwalimu msaidizi mjini Doncaster ili awalishe wazazi na wadogo zake. Alipotimiza miaka 19 alifungua shule yake mwenyewe Lincoln. Kigiriki, Kifaransa na Kijerumani alijifunza peke yake. Chuo kikuu hakuwahi kusoma.

Hata hivyo, mwaka 1844 Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza kilimtunuku medali kwa andiko lake la hisabati, na mwaka 1849 akawa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Cork, Ireland, bila shahada yoyote mkononi.

Kazi iliyomletea jina ni vitabu vyake viwili juu ya mantiki, cha mwaka 1847 na kile kikubwa cha mwaka 1854. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa chungu ya ndizi sokoni Tengeru. Mtu akichagua zilizoiva, kisha akaambiwa achague tena zilizoiva miongoni mwa hizo hizo, atabaki na chungu ile ile. Kuchagua mara mbili ni sawa na kuchagua mara moja. Boole aliandika jambo hilo kwa alama za aljebra: x mara x ni sawa na x. Katika namba za kawaida, ni 0 na 1 pekee zinazotii kanuni hiyo. Hapo ndipo zilipotoka tarakimu mbili za jedwali.

Chukua duka lolote la Arusha lenye jenereta. Taa itawaka endapo umeme wa gridi upo AU jenereta inanguruma, NA swichi imewashwa. Kauli ni tatu, kila moja ina hali mbili, kwa hiyo mistari ni minane. Safu ya kwanza hujazwa 1 nne na 0 nne. Ya pili hubadilika kila baada ya mistari miwili. Ya tatu hubadilika kila mstari. Ndipo hufuata safu ya AU iliyo ndani ya mabano, ambayo hupata 1 mara sita, na mwisho safu ya NA, ambayo hupata 1 mara tatu tu. Mwanafunzi akiyahamisha mabano, akaunganisha jenereta na swichi kwanza, atapata 1 mara tano, na taa itawaka kwa umeme wa gridi hata swichi ikiwa imezimwa. Fundi wa kweli angeitwa usiku huo huo.

Ajabu ni kwamba Boole mwenyewe hakuchora jedwali la namna hii. Alama yake ya kujumlisha aliitumia kwa makundi yasiyoingiliana tu, hivyo mstari ambao umeme upo na jenereta nayo inanguruma ungemtatiza. William Stanley Jevons ndiye aliyeilegeza AU. Majedwali yalienea baada ya maandiko ya Ludwig Wittgenstein na Emil Post, yote ya mwaka 1921. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi nchini Marekani, alionyesha kuwa swichi za umeme hutii aljebra hiyo hiyo, na kompyuta zikajengwa juu yake.

Mwaka 1855 Boole alimwoa Mary Everest, mpwa wa Sir George Everest, yule ambaye jina lake lilipewa mlima mrefu kuliko yote duniani mwaka 1865. Walijaliwa mabinti watano.

Mwishoni mwa Novemba 1864 Boole alitembea kwa miguu hadi chuoni katika mvua kubwa, akafundisha akiwa na nguo zilizolowa, akashikwa na homa ya mapafu. Husimuliwa kwamba Mary, aliyeamini kuwa dawa ya ugonjwa hufanana na chanzo chake, alimfunika kwa mashuka ya majimaji. Ikiwa ndivyo, basi bingwa wa mantiki aliuguzwa kwa hoja ambayo hakuna aliyeipima. Alifariki Desemba 8, 1864 akiwa na umri wa miaka 49, akazikwa Blackrock, Cork.

Mjane alihamia London na kufanya kazi ya maktaba katika chuo cha wanawake. Kitinda mimba, Ethel, aliyekuwa na miezi saba baba yake alipofariki, alikuja kuwa mwandishi wa riwaya. Alicia, mmoja wa dada zake, aligundua mambo mapya katika jiometri, naye pia hakusoma chuo kikuu.