Dag Hammarskjöld: safari ya usiku upande wa Tanganyika ambayo hakuna aliyeifuatilia

Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, alikufa usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 karibu na Ndola, Zambia ya leo, akitafuta kusimamisha vita ya Katanga. Ndege yake ilitoka Léopoldville, ikazunguka kwa upande wa Ziwa Tanganyika, lile lile linalopiga mwambao wa Moba. Kwa masaa mengi hakuna mtu chini aliyejua iko wapi. Miaka zaidi ya 60 imepita, na swali la nini kiliiangusha bado halijapata jibu.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 mjini Jönköping, Uswidi. Baba yake, Hjalmar, alikuwa waziri mkuu wakati wa vita ya 1914-1918. Dag alisoma sheria na uchumi, akafanya kazi kwenye wizara ya fedha na benki kuu ya nchi yake. Hakuoa. Mwezi wa Aprili 1953, akiwa na miaka 47, alichaguliwa kuongoza ONU. Mwaka 1955 alikwenda Beijing kuomba wanajeshi wa anga wa Marekani waliofungwa kule, na baadaye wakaachiliwa. Mwaka 1956, wakati wa vita ya Suez, aliunda jeshi la kwanza la amani la ONU.

Kongo ndiyo iliyomlemea. Mwezi wa Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Kasavubu na Lumumba waliomba msaada, naye akatuma askari. Wakati huo Moïse Tshombe alikuwa ameshatangaza Katanga kuwa nchi. Lumumba alitaka ONU imalize uasi huo kwa nguvu. Hammarskjöld alikataa, na wawili hao wakakosana. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Wakongomani wengi hawajamsamehe katibu mkuu kwa hilo. Warusi nao walimtaka aachie kiti, lakini hakukubali. Huku kaskazini mwa Katanga, ambako Moba iliitwa Baudouinville, Baluba waliompinga Tshombe walikuwa wakipigana na majandarmu wake.

Tarehe 13 Septemba 1961 askari wa ONU walianza operesheni mjini Élisabethville, na mapigano yakawa makali. Katanga ilikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga Magister iliyowapiga kutoka angani. Hammarskjöld akaamua kukutana na Tshombe uso kwa uso mjini Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini iliyokuwa chini ya Uingereza.

Ndege yake, DC-6B iliyoitwa Albertina, iliondoka Léopoldville jioni ya tarehe 17. Kwenye karatasi ya safari iliandikwa kwamba inakwenda Luluabourg, Kananga ya leo. Njia fupi ya Ndola ingeipitisha juu ya Katanga, penye hatari ya Fouga. Kwa hiyo rubani alielekea mashariki hadi upande wa ziwa, kisha akageuka kusini. Alinyamazisha redio kwa masaa kadhaa. Baada ya saa sita ya usiku aliwaambia watu wa Ndola kwamba anaona taa za kiwanja. Halafu kimya.

Ilianguka porini, kama kilomita 15 tu kutoka kiwanjani. Hata hivyo wakubwa wa huko walifika penye mabaki mchana wa siku ya pili, masaa karibu 15 baadaye. Kati ya watu 16 waliokuwa ndani, mlinzi Harold Julien alikutwa hai, ameungua, akiwa amelala juani. Alikufa hospitalini baada ya siku chache. Wachoma makaa na wanakijiji walisema waliona ndege nyingine au mwanga angani, lakini tume ya Rhodesia haikuyapa uzito maneno yao. Ilimtupia rubani lawama.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Hammarskjöld alipewa Tuzo ya Nobel ya amani, akiwa ameshazikwa Uppsala. Tangu 2015 uchunguzi wa ONU umekuwa mikononi mwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania. Ameona kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au ilitishwa kutoka nje, ila ushahidi wa kumaliza kesi haujapatikana, na bado kuna nchi zenye hati ambazo hazijazitoa zote.

Leo ndege yenye kifaa chake inapata mahali ilipo kutoka satelite, kisha inatangaza habari hiyo yenyewe kila sekunde. Antena za chini hazisikii mbali juu ya ziwa, pori au bahari. Ndiyo sababu tangu 2019 satelite 66 za Iridium zimebeba mitambo ya kupokea sauti hizo duniani kote. Kilichoharakisha mambo ni ndege ya Malaysia MH370, iliyopotea na watu 239 tarehe 8 Machi 2014. Kuna pia kifaa kidogo kinachoita chenyewe ndege ikianguka, na satelite za Cospas-Sarsat zinakisikia tangu 1982. Kifaa kama hicho kingeweza kumfupishia Julien masaa yale 15.

Lakini satelite haiwezi kumfuata anayenyamaza. Albertina ilijificha makusudi, na hata sasa rubani anaweza kuzima kifaa chake. Sheria ya kimataifa ya kufuatilia safari kila dakika 15 ilitungwa hasa kwa ndege kubwa za abiria juu ya bahari, si kwa ndege ndogo zinazounganisha miji yetu ya mashariki. Tarehe 10 Oktoba 2019, Antonov 72 ya jeshi la Kongo iliyobeba watu wa msafara wa rais ilitoka Goma kwenda Kinshasa, ikapoteza mawasiliano isipofikisha saa moja angani. Mabaki yake yalikuja kupatikana Sankuru.