Gene Roddenberry: rubani aliyepeleka neno uhuru kati ya nyota

Kuna vitabu vya zamani ambavyo watu wa Marekani na Ulaya wangali wanavitafuta kwa hamu, hata kama karatasi zake zimegeuka za manjano. Ni vitabu vya kueleza filme ya televizyo Star Trek: kila kipindi, kila chombo, kila mutu aliyeonekana ndani. Sisi wenye kusema Kiswahili hapa Goma tuko na sababu ya kuvijua: kimoja kati ya vitabu hivyo ndicho kilimupa mwanamuke Mwafrika wa filme hiyo jina la Nyota. Aliyeanzisha filme yenyewe ni Gene Roddenberry, aliyekufa mwaka wa 1991.

Roddenberry alizaliwa tarehe 19 Mwezi wa 8, 1921, katika muji wa El Paso, jimbo la Texas. Alikomalia Los Angeles, ambako baba yake alikuwa polisi. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliendesha ndege kubwa za kutupa mabomu kwenye Bahari ya Pasifiki. Kisha vita, akawa rubani wa kampuni ya Pan Am. Mwezi wa 6, 1947, ndege aliyokuwa ndani ilianguka usiku katika jangwa la Siria. Watu zaidi ya kumi walikufa. Yeye, hata kama mbavu zake zilivunjika, alisaidia kutoa abiria katika moto.

Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ndege. Mwaka wa 1949 aliingia polisi ya Los Angeles, na huko akaanza kuandikia televizyo. Mwaka wa 1956 aliacha bunduki ili aishi kwa kalamu.

Miaka michache kisha, katika filme yake The Lieutenant, alitayarisha kipindi juu ya ubaguzi wa rangi katika jeshi. Kampuni ya televizyo NBC ilikataa kukionyesha. Roddenberry akashika njia ingine: mambo ambayo wakubwa wanakataa kusikia juu ya leo, yanaweza kupita ukiyaweka katika wakati ujao, kwenye sayari ya mbali.

Star Trek ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 8 Mwezi wa 9, 1966. Ndani ya chombo cha angani, watu wa rangi na inchi mbalimbali wanafanya kazi pamoja. Mwenye kushugulikia mawasiliano ni mwanamuke Mwafrika, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Kufatana na maelezo ya Nichols, jina hilo lilitoka kwenye neno uhuru, kichwa cha kitabu alichokuwa nacho siku alipoenda kujaribiwa. Luga ya Uhura ni Kiswahili, na katika kipindi hicho cha kwanza Kiswahili kilisikika. Wakati huo Kongo ilikuwa na miaka sita tu ya uhuru, na Weusi wa Marekani walikuwa wangali wanapigania haki zao.

Mwaka wa 1969, kisha vipindi 79, NBC iliisimamisha. Watu hawakuwa na kaseti za video nyumbani. Aliyekosa kipindi alingojea mupaka televizyo ikirudilie. Hapo ndipo vitabu vilifanya kazi yao. Kile cha Stephen Whitfield na Roddenberry, juu ya namna filme ilivyotengenezwa, kilikuwa kimetoka mwaka wa 1968. Bjo Trimble, mushabiki aliyeongoza watu kuandika barua ili filme isikufe, alitoa orodha ya vipindi na majina yote. Mwaka wa 1975, Franz Joseph alitoa kitabu cha michoro ya vyombo, kana kwamba ni vyombo vya kweli, kiliuzwa sana. Na mwaka wa 1982, William Rotsler aliandika kitabu cha maisha ya watu wa filme hiyo, akamupa Uhura jina Nyota. Sinema ilitumia jina hilo mwaka wa 2009 tu.

Roddenberry hakuwa malaika. Aliandika maneno juu ya muziki wa filme, maneno yasiyoimbwa hata mara moja ndani yake, na kwa njia hiyo akachukua nusu ya feza za Alexander Courage, aliyetunga muziki huo. Pia, kazi nyingi alizosifiwa zilifanywa na waandishi wengine.

Alikufa tarehe 24 Mwezi wa 10, 1991, akiwa na miaka 70. Mwaka wa 1992 sehemu ya majivu yake ilipelekwa angani. Mwaka uleule, Mae Jemison akawa mwanamuke Mweusi wa kwanza kufika angani. Tangu utoto wake alikuwa akimutazama Uhura.

Hapa Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilimeza nyumba pamoja na picha na karatasi zilizokuwa ndani, tunajua namna kumbukumbu inavyopotea kwa siku moja. NBC ilidhani imemaliza habari ya Star Trek. Washabiki wakaiandika, wakaichora, wakaihesabu. Ndani ya karatasi hizo, maneno mawili ya Kiswahili yakabakia hai: nyota na uhuru.