Alexander Mackay, Fundi Aliyefundisha Kusoma

Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya Injili ni ya mapadre peke yao. Maisha ya Alexander Mackay yatuonyesha vingine, maana yeye hakuwa padre mpaka siku ya kufa kwake.

Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849, mtoto wa mchungaji. Alisoma kwanza chuo cha ualimu mjini Edinburgh, ndipo akajifunza uhandisi, akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora mitambo. Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya Stanley, iliyoomba wamisionari wa kumwendea Kabaka Mutesa wa Buganda, watu wajuao pia kazi za mikono. Mackay akajitoa kwa C.M.S., naye akafika Unguja mwaka 1876.

Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata maili 230. Novemba 1878 alifika Buganda. Huko alifua chuma mbele ya watu, na wale waliokuja kutazama nyundo akawafundisha kusoma. Vitabu vilikuwa haba, basi alichonga herufi mwenyewe, akapiga chapa karatasi za masomo kwa mtambo mdogo. Wakristo wakaitwa wasomaji. Mwaka 1882 watano wa kwanza walibatizwa.

Kisha yakaja mateso. Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa kuchomwa moto chini ya Kabaka Mwanga, na Oktoba Askofu Hannington akauawa Busoga. Mackay hakukimbia, aliendelea kufundisha na kupiga chapa. Alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini ya Ziwa, katika nchi yetu ya leo. Huko alifasiri Maandiko na kuunda mashua, mpaka homa ilipomwua tarehe 8 Februari 1890. Alikuwa na miaka 40, wala hakurudi kwao hata mara moja. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Mwalimu aliondolewa, lakini wasomaji wake walibaki, na Kanisa likakua. Basi, wazazi, kijana achaguaye useremala au ufundi chuma tusimwone ameshindwa shule. Tumwulize tu: ujuzi huo atamfundisha nani?