Mashujaa wa Imani: William Tyndale, Mkimbizi Aliyetafsiri Biblia

Tunaendelea na habari za watumishi wa Mungu wa zamani. Safari hii ni William Tyndale wa Uingereza, aliyeishi ukimbizini miaka 12 na hakurudi kwao tena.

Alizaliwa karibu na mwaka 1494, akasoma Oxford, akawa padri. Siku hizo Biblia ya kanisani ilikuwa ya Kilatini, na tangu mwaka 1409 maaskofu wa Uingereza walikataza mtu kuitafsiri kwa Kiingereza bila ruhusa yao. Mkulima alisikia Neno likisomwa asielewe kitu. Mwaka 1523 Tyndale alikwenda London kumwomba askofu Cuthbert Tunstall ampokee aifanye kazi hiyo. Askofu akajibu kwamba nyumba yake imejaa. Mwaka uliofuata Tyndale akavuka bahari kwenda Ujerumani.

Mwaka 1525 Agano Jipya lilianza kuchapwa mjini Cologne. Adui akapata habari, wakuu wa mji wakazuia kazi. Mtu anapokimbia huokoa nini? Yeye aliokoa karatasi. Akapanda mashua katika mto Rhine pamoja na mwenzake hadi Worms, na mwaka 1526 kitabu kikakamilika. Nakala ziliingia Uingereza kwa siri ndani ya marobota ya vitambaa. Tunstall akazichoma hadharani.

Baadaye Tyndale alikaa Antwerp, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji, na mwaka 1530 akatoa vitabu vitano vya Musa kutoka Kiebrania. Lakini wengi wanaomsifu kwa kalamu yake husahau Jumatatu na Jumamosi zake. John Foxe, aliyeandika habari za wafia imani, anasimulia kwamba siku hizo mbili aliacha vitabu. Jumatatu aliwatembelea Waingereza wenzake waliokimbilia mji huo kwa sababu ya mateso, akawasaidia wahitaji na wagonjwa. Jumamosi alizunguka vichochoroni kutafuta maskini. Pesa alizopewa na wafanyabiashara ziliishia kwao.

Mei 1535 alisalitiwa na Henry Phillips, Mwingereza mwenzake aliyejifanya rafiki na kula naye meza moja. Siku ile ile Phillips alimkopa pesa kwanza, ndipo akamtoa kwa askari. Alifungwa katika ngome ya Vilvoorde zaidi ya mwaka mzima. Barua aliyoandika humo ipo hadi leo. Anaomba kofia na koti la joto, kwa maana baridi inamtesa, na taa ya jioni. Zaidi ya yote anaomba Biblia ya Kiebrania, pamoja na kitabu cha sarufi na kamusi.

Oktoba 1536 alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto. Agano la Kale hakulimaliza. Miaka mitatu baadaye, kwa amri ya mfalme Henry VIII, Biblia kubwa ya Kiingereza iliwekwa makanisani ili kila mtu aisome. Agano Jipya lake kwa sehemu kubwa lilikuwa maneno ya Tyndale, ingawa jina lake halikuandikwa humo.