Bwana Ampère na Sindano ya Sumaku

André-Marie Ampère alizaliwa mwaka 1775 katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Hakupelekwa shuleni; alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya baba yake.

Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi, baba yake aliyekuwa hakimu alikatwa kichwa. Kijana alihuzunika mno, hata akaacha kusoma muda mrefu. Mwaka 1799 alimwoa Julie, wakapata mtoto mwanamume. Lakini Julie aliugua, akafa mwaka 1803. Ampère akaenda Paris kufundisha hesabu.

Mwezi wa Septemba 1820 habari ilifika Paris: Bwana Oersted wa Denmark ameona kwamba uzi wenye umeme huigeuza sindano ya dira. Je, huigeuza kiasi gani? Hapo palikuwa na shida. Dunia yenyewe ni sumaku kubwa, nayo huivuta sindano kwake. Basi sindano ilikuwa kama mbuzi mwenye kamba mbili shingoni: dunia huku, uzi kule. Haikuweza kumtii mmoja.

Hakuna awezaye kuizima sumaku ya dunia. Ampère alifanyaje? Sindano ina mhimili, yaani kijiti kinachoishika inapozunguka. Yeye aliulaza mhimili huo sawasawa na njia ya nguvu ya dunia. Tangu hapo dunia haikuweza kuizungusha sindano. Ndivyo ulivyo mlango: ukiusukuma kwenda juu, haufunguki. Kisha akapitisha umeme katika uzi. Sindano, ikimtii bwana mmoja tu, ikakingama na uzi kama msalaba.

Baadaye alionyesha kwamba nyuzi mbili zenye umeme uendao upande mmoja huvutana. Ukienda kinyume, husukumana.

Ampère alikuwa Mkristo mkatoliki. Nyumbani mwake Paris alimkaribisha mwanafunzi Frédéric Ozanam, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1997. Alikufa Marseille mwaka 1836. Mwaka 1881 wataalamu walikubaliana kupima mkondo wa umeme kwa amperi, kwa heshima yake.

Hata leo wenye vyombo vyepesi vya kupimia huvikinga kwanza na sumaku ya dunia. Nasi watoto, tukitaka kusikia sauti ndogo, tunyamazishe kwanza makelele.

Maswali: Sindano ilivutwa na vitu gani viwili? Ampère aliulazaje mhimili wake?