Kimathi, kifafa na daktari aliyekosea ugonjwa

Majuzi nilikwenda Nyeri kumhani rafiki yangu niliyesoma naye chuoni. Baridi ya huko usiniulize. Tulipofika Giakanja, mwenyeji wangu alinyoosha mkono kuonyesha vilima vya Tetu, akaniambia upande ule ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi. Nilikuwa nikimjua kama sanamu ya mjini Nairobi. Tangu siku hiyo nimemsoma, na nimepata jambo linalotuhusu sisi wa Pwani.

Kimathi Waciuri alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Thege. Alisoma Karunaini, kisha Tumutumu, na baadaye akawa mwalimu. Mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo ni Nyahururu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, naye akaingia msituni Nyandarua kuongoza wapiganaji wa Mau Mau. Hakuwa malaika, na hata waliopigana pamoja naye walimwogopa. Lakini dai lao lilieleweka na kila mtu: ardhi yao ilichukuliwa na uhuru wao pia.

Serikali haikutaka kulisikia dai hilo. Mwaka 1954 ilimwita daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari hadi mwaka 1950, aichunguze Mau Mau. Aliandika kitabu kidogo kilichochapishwa na serikali mjini Nairobi. Kwa ufupi, alisema chanzo ni nafsi za Wakikuyu zilizovurugika, watu walioacha mila zao kabla ya kuzizoea za kigeni. Hivyo mtu aliyekasirika kwa kunyang'anywa shamba aliandikiwa ugonjwa. Na kwenye kambi za kizuizini, kulazimishwa kukiri kiapo kuliitwa njia ya kumponya.

Sasa tazama upande wa pili. Kimathi alijeruhiwa kwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi. Katika kesi hiyo yalitajwa maradhi ya kweli, nayo ni kifafa. Mahakama ilisikiliza habari zake, haikuona kuwa yanamwondolea hatia. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, akiwa na umri wa miaka 36. Hasira yake iliitwa ugonjwa, na ugonjwa wake haukumfaa kitu.

Tusimcheke Carothers peke yake, maana na sisi tunakosea majina. Nilipokuwa mdogo, kijana wa mtaani kwetu alikuwa akianguka na kutokwa na povu. Alipungwa pepo, akanyweshwa kombe, akafungwa kamba, na watoto tukakatazwa kula naye. Siku moja alianguka jikoni, akaungua vibaya. Hakuna aliyewahi kumpeleka kwa daktari, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomkimbia.

Kifafa ni maradhi ya ubongo. Hakiambukizi, na wala si wazimu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza bila kuzikatiza. Akianguka mtu, mlaze ubavu, umwondolee vitu vya kumuumiza, na usimtie kijiko mdomoni. Maradhi ya akili yenyewe, kama huzuni isiyoondoka au kusikia sauti zisizokuwepo, nayo yana tiba: mazungumzo na mtaalamu, vidonge, na jamaa wasiomtenga mgonjwa. Hapa Mombasa, Port Reitz wanawatibu wagonjwa hao.

Sisemi kisomo kiachwe. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha pia kutafuta dawa. Yule mwanamke aliyemwendea Mtume akilalamikia kifafa hakufukuzwa wala kufungwa. Alisikilizwa, akapewa khiyari yake, na akaombewa dua.

Hapo ndipo penye tiba ya kwanza, kumsikiliza mtu kabla ya kumpa jina la ugonjwa. Kijana wako akiwa na hasira kwa kukosa kazi au kwa kudhulumiwa kiwanja, usikimbilie kusema ana jini. Na binti yako akianguka kila mwezi, usingoje mganga wa tatu ndipo umpeleke hospitali.

Yule kijana wa mtaani kwetu alifariki kabla ya kuoa. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe tuliomkimbia.