Conan Doyle: Daktari aliyefunza mantiki kwa hadithi za kachero

WENGI wanamfahamu Sherlock Holmes, kachero wa London. Ni wachache wanaojua kwamba mtunzi wake alikuwa daktari, na kwamba aliwahi kutumia mantiki ya hadithi zake kumtetea mtu halisi aliyefungwa bila hatia.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Mei 22, 1859 mjini Edinburgh, Scotland. Mwaka 1876 alijiunga na chuo kikuu cha mji huo kusomea udaktari. Huko alifunzwa na Joseph Bell, daktari wa upasuaji aliyekuwa na kipawa cha kutambua kazi ya mgonjwa kabla hajafungua kinywa. Bell alitazama mikono, mavazi na mwendo, kisha akapima ni maelezo yapi yaliyoelekea zaidi kuwa kweli.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyomzaa Holmes, aliyejitokeza mara ya kwanza mwaka 1887. Doyle alimwandikia riwaya 4 na hadithi fupi 56. Ndani yake msomaji hufunzwa uwezekano, ule wa somo la hesabu, pasi na kujua: aorodheshe maelezo yote, ayaondoe yasiyowezekana, ayapime yaliyosalia, na awe tayari kubadili msimamo ushahidi mpya unapozuka.

Mwaka 1903 George Edalji, wakili kijana ambaye babake alikuwa kasisi mwenye asili ya Kihindi, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kumjeruhi farasi usiku kijijini Great Wyrley, Uingereza. Alifunguliwa mwaka 1906, lakini doa la hatia lilisalia na hakuweza kurejea katika uwakili.

Doyle alipokwenda kuonana naye, alimkuta akisoma gazeti alilolisogeza karibu kabisa na macho. Akatambua kuwa kijana huyo hakuona vyema. Je, kulikuwa na uwezekano gani kwamba mtu kama huyo angevuka mashamba na reli gizani, amkate mnyama, kisha arejee kitandani katika chumba alicholala pamoja na babake, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo? Kila jambo peke yake lilitia shaka. Yalipojumlishwa, mashtaka yalikaribia kuwa muhali.

Doyle alichapisha hoja hizo katika gazeti la Daily Telegraph Januari 1907. Mei mwaka huo Edalji alisamehewa kosa hilo, ingawa hakulipwa fidia. Kesi yake ilichangia kuundwa kwa mahakama ya rufaa ya jinai nchini humo mwaka uo huo.

Hata hivyo, mganga hajigangi. Mwaka 1922 Doyle alitoa kitabu akitetea picha za vijimalaika zilizopigwa na wasichana wawili wa Cottingley. Mwaka 1983, wakiwa wazee, walikiri kuwa walikata michoro ya karatasi. Safari hii Doyle hakuipima dhana nyepesi kuliko zote, kwamba watoto walikuwa wakicheza.

Alifariki Julai 7, 1930 akiwa na umri wa miaka 71. Mbegu yake ilichipuka hata Zanzibar, ambako Muhammad Said Abdulla alimuumba Bwana Msa, kachero mwenye kiko katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Naye, kama Holmes, hamtii mtu hatiani kabla ya kupima ushahidi.